Kutoka bisibisi hadi kompyuta: historia ya petroli ya pikipiki, na jinsi ya kuchagua tyuna

Leo tunaandika historia ya kitu kidogo: namna petroli inavyoingia kwenye injini ya pikipiki. Mtu anaweza kuuliza, hiyo nayo ni historia? Ndiyo, tena inatuhusu sana. Uganda na Kenya wanasema boda, Kongo na Burundi tunasema moto, Tanzania ni bodaboda. Jina lolote utakalotumia, chombo hicho kinalisha familia nyingi za wakimbizi. Kuna wanaoendesha, kuna wanaoosha, kuna wanaouza spea, na kuna mafundi. Na kazi ya fundi inabadilika sasa hivi, sisi tukiwa tunatazama.

Kuna swali ambalo vijana wanaojifunza ufundi wanatuuliza: "Nikipata pikipiki ya injekta, ninunue tyuna gani?" Tyuna ni kifaa cha kupanga upya mafuta kwenye pikipiki inayoongozwa na kompyuta. Kabla ya kujibu, lazima tujue kifaa hicho kilitoka wapi na kilitengenezwa kwa ajili ya shida ya nani. Ukishajua hilo, kuchagua kunakuwa rahisi, na mara nyingine unagundua huna haja ya kununua kabisa.

HEWA NA PETROLI

Kila aliyewahi kuwasha jiko la makaa anajua kwamba moto unataka hewa. Ukiziba mlango wa jiko, makaa yanafifia na moshi unajaa. Injini nayo ni hivyo hivyo. Ili gramu 1 ya petroli iungue yote, inahitaji gramu 14.7 hivi za hewa. Petroli ikizidi sana, unaona moshi mweusi, plagi inajaa masizi, na pesa yako inatokea kwenye ekzosi. Petroli ikipungua, injini inapata joto kali, inakohoa ukiongeza mafuta, na plagi inakuwa nyeupe. Ukitaka nguvu nyingi, kwa mfano kupanda mlima ukiwa na abiria na gunia, injini inapenda petroli izidi kidogo, karibu gramu 13 za hewa kwa gramu 1 ya petroli. Historia yote tunayosimulia hapa ni ya watu waliohangaika kupata vipimo hivyo.

Mwaka 1885, Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach waliunda kule Cannstatt, Ujerumani, chombo cha magurudumu mawili chenye fremu ya mbao na injini ya petroli. Wengi wanakihesabu kuwa pikipiki ya kwanza ya petroli. Mwaka 1893, Donát Bánki na János Csonka wa Budapest, Hungaria, waliandikisha uvumbuzi wa kabureta inayonyunyiza petroli, na Maybach naye alikuwa na ya kwake wakati huohuo. Ufundi wake ni rahisi kueleza. Hewa inapita kwenye njia iliyobanwa katikati. Ikifika pale pembamba inakwenda kasi, presha yake inashuka, na petroli inanyonywa kupitia tundu dogo. Hakuna umeme wala kompyuta.

Mwaka 1927 kampuni tatu za Uingereza ziliungana zikawa Amal, na kabureta zake zikafungwa kwenye pikipiki nyingi za Kiingereza. Baadaye Mikuni ya Japani ilitengeneza kabureta kwa kibali cha Amal, na Keihin, pia ya Japani, ilianza mwaka 1956. Ukifungua kabureta ya boda leo, hasa kama ni ya muundo wa Kijapani, unakuta vitu vilevile: jeti ya shaba yenye tundu na namba, sindano yenye mikato, boya, na skrubu ya pembeni. Ukitaka petroli zaidi, unaweka jeti yenye tundu kubwa zaidi au unapandisha sindano mkato mmoja.

Kabureta haina siri. Mwenye bisibisi, spana na masikio mazuri anaweza kuifahamu. Ndiyo maana wengi wetu tumejifunza kazi hii chini ya mti, kwa kutazama na kushika, bila karo na bila cheti. Kwa mtu aliyefika nchi ya ugenini bila karatasi, hilo si jambo dogo.

Lakini kabureta ina udhaifu wake: haijui iko wapi. Ukiipanga vizuri Mombasa, usawa wa bahari, halafu ukapanda nayo hadi Eldoret, mita 2,100 hivi, hewa ya kule ni nyepesi kwa karibu moja ya tano. Hewa imepungua, lakini jeti ni ileile. Basi petroli inazidi, injini inakuwa nzito na tangi linaisha haraka. Kabureta haijui pia kama asubuhi ni ya baridi au mchana ni wa jua kali. Fundi ndiye anayejua, naye ndiye anayeirekebisha.

KOMPYUTA ILIINGIA KWA SABABU YA MOSHI

Watu wengi wanadhani injekta ililetwa ili pikipiki ziwe na mbio. Mbio zilikuwepo, lakini kilicholazimisha mabadiliko hasa ni mapafu ya watu. Miji kama Los Angeles ilikuwa imefunikwa na moshi wa magari. Mwaka 1967 Bosch ya Ujerumani ilileta mfumo wa injekta wa umeme, ukafungwa kwenye Volkswagen 1600 zilizouzwa Marekani. Mwaka 1970 Marekani ilipitisha sheria kali ya hewa safi. Mwaka 1976 ikaja sensa ya oksijeni, ambayo inakaa kwenye ekzosi na kuiambia kompyuta kama petroli imezidi au imepungua. Kuanzia pikipiki za mwaka 1978, pikipiki mpya nazo zikawekewa vipimo vya moshi nchini Marekani.

Kawasaki ilitoa Z1000 yenye injekta mwaka 1980. Honda ilifuata na CX500 Turbo mwaka 1982, na BMW na K100 mwaka 1983. Hata hivyo kabureta iliendelea miaka mingi kwa sababu ilikuwa rahisi kutengeneza. Suzuki GSX-R750 ilihamia kwenye injekta mwaka 1998, na Yamaha R1 mwaka 2002. Ulaya nayo ilianza kuweka vipimo vya moshi wa pikipiki mwaka 1999, ikawa inavikaza kila baada ya miaka kadhaa.

Injekta inafanyaje kazi? Ndani ya tangi kuna pampu ya umeme inayosukuma petroli kwa presha, kwenye pikipiki nyingi karibu bar 3. Karibu na injini kuna injekta, yaani vali ndogo inayofunguliwa kwa umeme kwa muda wa elfu chache za sekunde. Kompyuta inauliza sensa zake: mafuta yamevutwa kiasi gani, injini inazunguka kasi gani, presha ya hewa ikoje, joto likoje? Halafu inaangalia jedwali lililoandikwa kiwandani. Kila kisanduku kwenye jedwali kinasema injekta ifunguke muda gani. Jedwali hilo linaitwa ramani ya mafuta.

Kwa hiyo injekta inajua iko wapi. Pikipiki ileile inaweza kutoka Mombasa hadi Eldoret bila mtu kugusa skrubu, maana sensa ya presha imeshaiambia kompyuta kwamba hewa imepungua. Hapo lazima tuseme ukweli, wamefanya kazi nzuri. Ila kuna kitu kilichukuliwa pia. Skrubu haipo tena. Ramani imeandikwa na kampuni na imefungwa ndani ya boksi. Fundi wa barabarani aliyekuwa na ufunguo wa nyumba nzima amebaki nje ya mlango mmoja, na mlango huo ndio wenye moyo wa injini.

TYUNA ILIZALIWAJE

Walioanza kugonga mlango huo walikuwa wapenda mbio wa Marekani na Ulaya. Walikuwa wakinunua pikipiki mpya, wanatoa ekzosi ya kiwandani na filta ya hewa, wanaweka nyingine zinazopitisha hewa zaidi. Enzi za kabureta walibadilisha jeti tu. Kampuni ya Dynojet, ya jimbo la Montana, ilikuwa ikiuza seti za jeti, na pia ikatengeneza mashine ya kupimia nguvu, ambayo tairi la nyuma linazungusha roli kubwa huku pikipiki imesimama. Sasa pikipiki zilipokuja na ramani iliyofungwa, jeti haikusaidia. Hewa imeongezeka, ramani haijui, injini inakosa petroli. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Dynojet ikatoa Power Commander, boksi dogo linalokaa kati ya kompyuta na injekta. Kompyuta ikisema "funguka kwa muda huu", boksi linaongeza au linapunguza muda huo kwa asilimia unayotaka.

Tangu wakati huo tyuna zimekuwa za aina nyingi, lakini ukizipanga unapata makundi manne. La kwanza ni boksi la katikati, kama tulivyoeleza. La pili ni programu inayoingia ndani ya kompyuta ya pikipiki na kuandika ramani upya. La tatu ni kompyuta mpya kabisa inayochukua nafasi ya ile ya kiwandani. Hii ni ya mbio na ya wataalamu. La nne ni kifaa cha bei ndogo kinachoidanganya sensa ya joto, ili kompyuta ifikiri kuna baridi na iongeze petroli kila mahali, penye haja na pasipo na haja. Hicho cha mwisho tunawaomba msikiguse. Kinachoongezeka kwa uhakika ni gharama ya petroli.

Kuna tukio moja la lazima kwenye historia hii. Mwaka 2016 serikali ya Marekani ilitangaza makubaliano na Harley-Davidson kuhusu tyuna ambazo kampuni hiyo iliuza kwa wateja wake. Serikali ilisema zilikuwa karibu 340,000, zilizouzwa tangu mwaka 2008, na kwamba zilifanya pikipiki zitoe moshi kuliko sheria inavyoruhusu. Kampuni ilisema vifaa vile vilikuwa vya mashindano tu, haikukiri kosa, lakini ilikubali kulipa dola milioni 12 na kuacha kuuza vifaa vile. Kwa nini tunawasimulia? Kwa sababu muuzaji atakuambia tyuna ni nguvu tu. Hatakuambia kwamba ukikosea ramani, watoto wanaotembea kando ya barabara ndio wanaovuta kile ulichoongeza.

INJEKTA INAVYOTUFIKIA SISI

Boda ilianza na baiskeli, miaka ya 1960, pale Busia kwenye mpaka wa Kenya na Uganda. Pikipiki zilikuja baadaye, nyingi zikiwa ndogo za kutoka India na China, na mwaka 2008 Kenya ilipoondoa kodi ya VAT kwenye pikipiki ndogo, zikamwagika barabarani. Karibu zote zilikuwa za kabureta.

Lakini India yenyewe imehama. Hero Honda ilitoa Glamour ya injekta mwaka 2006, na tarehe 1 Aprili 2020 India ilianza kutumia kipimo kipya cha moshi kinachoitwa Bharat Stage VI. Ili kukitimiza, pikipiki nyingi za kule zilibadilishwa kutoka kabureta kwenda kwenye injekta. Viwanda vilevile vinavyotuuzia boda vimezoea sasa kutengeneza injekta. Kabureta bado ni nyingi kwetu, na tusiache mbachao kwa msala upitao: anayejua kabureta ataendelea kula kwa miaka. Ila za injekta zimeanza kuonekana, na siku moja itasukumwa hadi mbele ya banda lako, taa ya injini inawaka, mwenyewe anasema, "Fundi, haitaki kuwaka."

Ukiwa na bisibisi tu, utafanya nini? Ukiwa na elimu kidogo, taa hiyo inakuwa rafiki. Kwenye Honda nyingi ndogo, kwa mfano, taa inapepesa kwa hesabu: mpepeso mrefu ni kumi, mfupi ni moja. Unahesabu, unaangalia kwenye kitabu cha pikipiki, unajua ni sensa gani inalalamika. Hata kifaa cha kununua hujahitaji bado.

SASA, KUCHAGUA

Jiulizeni maswali haya kwa mpangilio huu, msiruke.

1. Pikipiki ni mgonjwa au imebadilishwa? Tyuna si dawa. Kama injini inakohoa, angalia kwanza plagi, filta, betri, soketi za sensa, presha ya pampu, nafasi ya vali, na kama kuna mahali hewa inavuja. Injini ikiwa inazunguka, betri inapaswa kuonyesha kati ya volti 13.5 na 14.5 hivi. Ukiweka tyuna juu ya ugonjwa, umeuficha tu.

2. Imebadilishwa nini? Kama ekzosi na filta ni za kiwandani na kazi ni kubeba abiria, acha ramani ya kiwandani. Walioiandika walikuwa na maabara. Tyuna ina maana pale njia ya hewa ilipobadilika, au injini ilipoongezwa ukubwa.

3. Ipo ya pikipiki yako hasa? Modeli, mwaka, na namba iliyoandikwa kwenye kompyuta yenyewe. Pikipiki mbili zenye jina moja, moja ya soko la Ulaya na nyingine ya India, zinaweza kuwa na soketi tofauti. Muuzaji akisema "inaingia zote", ondoka.

4. Unaweza kurudi nyuma? Boksi la katikati unaweza kulitoa na kuliuza. Programu inayoandika ndani ya kompyuta haiongezi nyaya, lakini nyingi zinafungwa na pikipiki moja, na umeme ukikatika katikati ya kuandika, kompyuta inaweza kufa. Kwa hiyo hifadhi kwanza ramani ya zamani, chaji betri na laputopu zijae, wala usitegemee umeme wa kambini.

5. Utapimaje? Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Kubadilisha ramani bila kupima ni kubahatisha. Unahitaji sensa ya oksijeni ya kipimo kipana, ile inayoonyesha namba kamili kama 13 au 14.7, kwa sababu sensa ya kawaida inasema tu "imezidi" au "imepungua". Kuna tyuna zinazouzwa pamoja na sensa hiyo na zinajisahihisha zenyewe mkiwa mnaendesha. Ukilinganisha tyuna mbili, chukua ile inayopima, hata kama nyingine ina rangi nzuri na maneno mengi.

6. Inaelewana na sensa ya kiwandani? Ukiongeza petroli kwa boksi wakati sensa ya kiwandani bado inafanya kazi, kompyuta itaona imezidi na itaipunguza tena. Wawili hao watavutana na wewe ndiye utakayelipa. Uliza kifaa kinalishughulikiaje jambo hilo.

7. Petroli yenu ni ipi? Ethanoli inahitaji hewa kidogo kuliko petroli, gramu 9 hivi kwa gramu 1. Maana yake ni kwamba penye petroli iliyochanganywa na ethanoli, injekta lazima itoe zaidi. Ramani ya mtu wa nchi nyingine, uliyotumiwa kwenye simu, iliandikwa kwa petroli yake, ekzosi yake na filta yake. Ichukue kama pa kuanzia, halafu pima.

KWA NDUGU WA MASHIRIKA

Tunawashukuru kwa masanduku ya vifaa mnayowapa vijana wanaomaliza mafunzo. Mengi ya tuliyoyaona yana spana, bisibisi, koleo na nyundo. Mafunzo ambayo baadhi yetu tumepitia yalifundisha kabureta peke yake. Kijana anahitimu, anapiga picha na cheti, na pikipiki ya kwanza ya injekta inampita kwenda kwa fundi mwingine mjini. Anaonekana hajui kazi, kumbe hakufundishwa nusu yake.

Hatuombi tyuna. Tumeeleza hapo juu kwamba tyuna ni ya mwisho. Tunaomba vinavyotangulia: mita ya kupimia umeme kwa kila kijana, na kwa kikundi kizima geji moja ya presha ya petroli, kifaa kimoja cha kusoma makosa kinachoendana na pikipiki zilizopo eneo hilo, na laputopu moja. Kikundi kinaweza kuvitunza kwa pamoja, kama tunavyotunza kompresa. Tunaomba pia michoro ya nyaya yenye maelezo ya Kiswahili, kwa sababu kijana mwenye akili ya umeme asikwame kwa sababu ya Kiingereza. Na kabla ya kununua, nendeni stendi ya boda mkahesabu pikipiki: ngapi za kabureta, ngapi za injekta, za kampuni gani. Hesabu hiyo haichukui hata asubuhi moja, na itaokoa pesa ya mfadhili.

Na nyinyi vijana, msingoje sanduku. Elimu ya 14.7, ya sensa na ya ramani haina uzito wa kubeba. Ukihamishwa kesho kwenda kambi nyingine au nchi nyingine, unakwenda nayo. Anzeni na pikipiki iliyopo. Fungueni kiti, tafuteni kompyuta iko wapi, fuateni waya mmoja mmoja hadi kwenye sensa yake, andikeni kwenye daftari. Mkimaliza, mtajua mlango uko wapi, na mtu akija kuwauzia ufunguo mtaweza kumwambia kama unaingia au hauingii.